Simu iliyorutiwa inagoma: soma dalili, ujue ulichogusa kinakaa wapi

Mtu akishapata ruti, yaani mamlaka kamili juu ya mfumo, kwenye simu ya Android, kinachomvutia kwanza ni mipangilio: kupunguza ukubwa wa vitu kwenye kioo, kuharakisha mwendo wa madirisha, kubadili namna prosesa inavyopandisha na kushusha kasi, kuondoa programu zilizokuja nayo kutoka dukani. Matatizo nayo huanzia hapo hapo. Wengi wakikwama hukimbilia kuflashi simu nzima (kuiandikia upya mfumo wote) na kupoteza picha na meseji zote, kumbe kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja ambao ungefutwa kwa amri moja.

Kinachookoa muda ni kujua ulichobadilisha kinakaa wapi. Android huweka mipangilio yake katika ngazi nne, na kila ngazi ina tabia zake.

Ya kwanza ni jedwali la mipangilio, lile unaloligusa kwa amri ya settings kwenye terminali. Lina mafungu matatu, system, secure na global, nalo limehifadhiwa ndani ya /data. Kwa hiyo hubaki hata ukizima simu, na hufutika ukiirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Ya pili ni sifa za mfumo, zile zinazoonekana kwa getprop. Nyingi husomwa simu inapowaka, kutoka faili za build.prop zilizomo kwenye patisheni (migawanyo ya hifadhi ya simu) za system, vendor na product. Sifa inayoanza na ro. ikishawekwa haibadiliki tena mpaka simu iwashwe upya, isipokuwa utumie resetprop inayokuja na Magisk, programu ya kuruti tunayoitumia hapa. Ya tatu ni mafaili yenyewe ya patisheni za mfumo. Ya nne ni keneli, kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa vya simu, unayoiandikia kupitia /proc na /sys, na unachoandika huko hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Simu ikizima, nacho kimekwenda.

Mambo mawili uwe nayo kabla hujagusa chochote. La kwanza ni faili la boot.img, lile linaloanzisha mfumo simu inapowaka, la toleo lile lile lililomo kwenye simu yako, halijaguswa na Magisk wala kitu kingine, likiwa kwenye kompyuta na si kwenye simu. Kwa simu zilizotoka kiwandani na Android 13 au mpya zaidi, mara nyingi faili unalohitaji ni init_boot.img. La pili ni Utatuzi wa USB uwe umewashwa, na kompyuta yako iwe imeshakubaliwa na simu. Ukiwa na hayo mawili, karibu kila tatizo lililoelezwa hapa chini lina njia ya kurudi.

Amri imekubali, lakini hakuna kilichobadilika

Umeandika amri, hakuna ujumbe wa kosa, na simu iko vile vile. Sababu ya kawaida kabisa ni jina. Amri ya settings put haikagui kama jina uliloandika lipo. Ukikosea herufi moja, inaunda mstari mpya wenye jina hilo bovu na kunyamaza. Kwa mfano:

settings put global window_animation_scale 0.5

Hii inafanya kazi. Ukiandika windows badala ya window, nayo itapokelewa bila neno, lakini hakuna kitu ndani ya Android kinachosoma mstari huo. Futa ulichokosea kwa settings delete, ukitumia jina lile lile bovu, kisha andika upya.

Njia ya uhakika ya kupata jina sahihi ni kuiacha simu yenyewe ikuonyeshe. Toa orodha kwa settings list global na uihifadhi kwenye faili, kisha ingia kwenye menyu ya simu na ubadilishe kitu hicho kwa mkono, halafu toa orodha tena na ulinganishe. Mstari uliotofautiana ndio unaoutafuta. Fanya hivyo kwa mafungu yote matatu, maana kitu unachodhani kiko global mara nyingine kiko secure. Njia hii naiamini kuliko orodha za amri zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, kwa sababu kila kampuni inaongeza majina yake, na Google nayo inayaondoa mengine. Ile amri ya policy_control iliyokuwa ikificha vitufe vya chini na mstari wa juu, kwa mfano, iliacha kufanya kazi tangu Android 11. Bado watu wanapeana.

Upande wa sifa za mfumo hali ni tofauti kidogo. Getprop inaweza kukuonyesha thamani mpya kabisa na simu isibadilike, kwa kuwa huduma inayoihitaji iliisoma mara moja tu wakati wa kuwaka. Ukiibadilisha simu ikiwa tayari imewaka, umechelewa. Sifa ya namna hiyo iwekwe kwenye faili la system.prop ndani ya moduli (folda ya nyongeza ya Magisk, nitaieleza mbele), ili Magisk iiandike mapema kabla huduma hazijaamka.

Kosa jingine linalowasumbua hata waliozoea ni alama za nukuu. Angalia hii, inayobadili namna keneli inavyotumia kumbukumbu:

su -c echo 100 > /proc/sys/vm/swappiness

Utajibiwa kwamba huna ruhusa, ingawa umetumia su, amri ya kuomba ruti. Kilichotokea ni kwamba alama ya > imeshughulikiwa na terminali yako ya kawaida, si na ruti. Ruti imepewa echo peke yake. Sahihi ni hivi:

su -c 'echo 100 > /proc/sys/vm/swappiness'

Kisha hakikisha kwa cat, amri ya kusoma faili. Usiamini ukimya wa amri yoyote; soma thamani baada ya kuiandika.

Ilibadilika, kisha ikarudi ilivyokuwa

Hapa uliza swali moja: imerudi lini?

Kama imerudi baada ya kuzima na kuwasha, uliandika kwenye keneli, na hiyo ndiyo tabia yake. Hakuna kilichoharibika. Unahitaji skripti ya kuandika upya kila simu inapowaka. Kwenye Magisk weka faili lenye kikomo cha .sh ndani ya /data/adb/service.d, au faili la service.sh ndani ya moduli yako. Lakini usiandike mapema mno. Simu inapowaka, huduma za mtengenezaji huweka thamani zao, na kama skripti yako imetangulia, zitaandika juu yake. Subiri mpaka simu imalize kuwaka:

until [ "$(getprop sys.boot_completed)" = "1" ]; do sleep 2; done
sleep 20
echo 100 > /proc/sys/vm/swappiness

Faili la namna hii la service.d lipe ruhusa ya kutekelezwa kwa chmod 755. Na kama umeliandika kwa Notepad ya Windows, huenda kila mstari una herufi isiyoonekana mwishoni, na skripti itakataa bila kukueleza sababu. Tumia kihariri kinachohifadhi kwa mtindo wa Unix, au andika faili ndani ya simu yenyewe.

Kama imerudi baada ya dakika chache simu ikiwa bado imewaka, chanzo ni kingine. Kuna huduma ya mtengenezaji inayosimamia umeme na joto, nayo hupandisha na kushusha kasi ya prosesa kila unapogusa kioo, unapofungua kamera au simu inapopata moto. Ukiandika kasi ya juu kabisa kwenye scaling_max_freq, huduma hiyo itaishusha joto likipanda. Watu wengi hapa wanatafuta namna ya kuua huduma ya joto. Usifanye. Ndiyo inayolinda betri yako isivimbe, na hasa kwenye simu za bei nafuu zisizo na sehemu kubwa ya kutawanya joto, hakuna faida ya kasi utakayoiona kabla simu haijachemka. Kama unataka simu iwe nyepesi, badili kasi ya mwendo wa madirisha na uzime programu zinazofanya kazi kisirisiri. Utaona tofauti kubwa zaidi.

Simu inasema mfumo ni wa kusomwa tu

Umefungua kidhibiti cha mafaili chenye ruti, umeingia /system, unataka kuhariri build.prop, na simu inakataa kuhifadhi. Umejaribu kuiunganisha upya kwa mount -o rw,remount / nayo imekataa. Watu wanadhani ruti yao ni mbovu. Ruti ni nzima.

Tangu Android 10, simu mpya huja na patisheni kubwa moja inayoitwa super, ndani yake zikiwemo system, vendor, product na nyinginezo zilizopimwa kwa ukubwa wa mafaili yake kamili, bila nafasi ya ziada. Nyingi zimebanwa kwa aina ya mfumo wa mafaili unaoitwa EROFS, ambao kwa asili yake hauandikiki. Nyingine ni ext4 iliyounganisha vipande vinavyofanana kwa namna ambayo haiwezi tena kuandikwa. Juu ya hayo kuna dm-verity, inayokagua kila kipande kinachosomwa. Hata ungefaulu kuandika, simu ingekataa kuwaka.

Kwa hiyo acha kupigana na patisheni. Tengeneza moduli. Ni folda tu ndani ya /data/adb/modules, tuseme mipangilio_yangu, yenye faili la module.prop la kujitambulisha na system.prop la sifa unazotaka. Kitambulisho ndani ya module.prop kianze na herufi na kisiwe na nafasi katikati, la sivyo moduli haitatambulika. Ukitaka kubadili faili la mfumo, liweke ndani ya folda ya moduli kwa njia ile ile ya asili, mfano system/etc/hosts, na Magisk italifunika lile la asili simu inapowaka. Patisheni yenyewe haiguswi, na ukiondoa moduli kila kitu kimerudi. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kutumia Magisk badala ya zile programu za zamani za kuruti kwa kubofya mara moja, ambazo zilikuwa zinaandika moja kwa moja ndani ya mfumo na kuacha uchafu usiotoka.

Simu inazunguka kwenye logo

Hili ndilo linalotisha wengi, na ndilo linalohitaji utulivu kuliko yote. Angalia kwanza imekwama wapi.

Ikikwama kwenye nembo ya kampuni isiyosogea, kisha ikajizima na kuwaka tena, keneli haijafika mbali. Chanzo kiko kwenye boot.img au init_boot.img uliyoflashi, au kwenye ukaguzi wa vbmeta, patisheni inayothibitisha kwamba nyingine hazijaguswa. Ikifika kwenye nembo inayochezacheza na kukaa hapo bila mwisho, keneli ni nzima na mfumo umeanza, ila kuna kitu kinauangusha: moduli, sifa uliyoiweka vibaya, au faili ulilolifunika. Ukizitofautisha hali hizi mbili umeshamaliza nusu ya kazi.

Kwenye simu nyingi za MediaTek, zikiwemo Tecno na Infinix, utaona pia maandishi ya Orange State na simu ikisubiri sekunde 5 kabla ya kuendelea. Hilo si tatizo. Ni onyo kwamba butiloda (programu inayouwasha mfumo) iko wazi, na litakuwepo kila unapowasha.

Kwa nembo inayocheza, anza na njia isiyofuta chochote. Washa simu katika hali salama. Kwenye simu nyingi ni kubonyeza na kushikilia kitufe cha kupunguza sauti wakati nembo ya kuwaka inaonekana. Magisk ikigundua hali salama, inazima moduli zote. Ikiwaka, zima na uwashe kawaida, moduli zitabaki zimezimwa, kisha ziwashe moja moja mpaka umjue mkorofi.

Hali salama ikishindikana, chomeka simu kwenye kompyuta na uandike amri hii ya adb, chombo cha kuiamuru simu kutoka kompyuta:

adb wait-for-device shell magisk --remove-modules

Amri hiyo inasubiri mpaka simu ionekane kwenye waya, hata kwa muda mfupi wakati nembo inacheza, kisha inafuta moduli zote na kuwasha upya. Inahitaji kompyuta iliyokwisha kukubaliwa na simu, ndiyo maana nimesisitiza mwanzoni. Kama una TWRP (mfumo mdogo wa uokoaji) inayoweza kufungua /data, ni bora zaidi kuingia /data/adb/modules, kuifungua folda ya moduli unayoishuku na kuunda ndani yake faili tupu liitwalo disable. Moduli hiyo pekee itazimwa na nyingine zitabaki.

Njia zote zikigoma, rudisha boot.img ya asili (kama faili lako ni init_boot.img, badili majina hayo kwenye amri) kwa fastboot, chombo cha kuflashi kutoka kompyuta:

fastboot flash boot boot.img

Ruti itaondoka na moduli zote zitakosa nguvu, lakini picha, meseji na programu zako zitabaki. Kisha unaweza kuruti upya ukiwa umetulia. Kwa simu yenye sloti mbili (nakala mbili za mfumo), a na b, angalia kwanza uliyomo kwa fastboot getvar current-slot, kwa sababu mara nyingine boot nzuri iko kwenye sloti nyingine na wewe unahangaika na hii.

Kwa nembo isiyosogea, karibu kila mara jibu ni hilo hilo la kurudisha faili la asili. Kama ilianza mara tu baada ya kuflashi faili lililotiwa ruti, hakikisha faili hilo lilitoka toleo lile lile la mfumo ulilonalo, kwa kulinganisha nambari ya muundo herufi kwa herufi. Kama simu inalalamika juu ya ukaguzi, huenda inahitaji vbmeta iliyozimwa ukaguzi:

fastboot --disable-verity --disable-verification flash vbmeta vbmeta.img

Tumia vbmeta ya simu yako mwenyewe, na ujue kwamba kwenye baadhi ya simu hatua hii hulazimisha kufuta data.

Wenye simu za zamani, za Android 9 kurudi nyuma, ambao wamehariri build.prop moja kwa moja, wana kosa lao la kipekee. Baadhi ya vihariri huhifadhi faili kwa ruhusa tofauti na ile ya mwanzo. Mfumo ukikuta build.prop haisomeki, simu haiwaki, hata kama ulichoandika ni sahihi kabisa. Ingia TWRP, unganisha system, kisha chmod 644 kwenye faili hilo.

Vitu kwenye kioo vimekuwa vidogo mno au vikubwa mno

Kijana mmoja alileta simu yenye kioo cha upana wa pikseli 720. Alitaka kubadili msongamano wa pikseli kwa kuandika wm density 272, ile 2 ya mwanzo ikamponyoka, ikaenda 72, ambayo Android inaikubali kwa sababu ndicho kiwango cha chini kabisa inachoruhusu. Aikoni zikawa kama punje za ulezi kwenye kona ya juu, na kibodi nzima ikatoshea chini ya kidole gumba. Kompyuta yoyote haikuwa imekubaliwa na simu hiyo. Nilichomeka mausi kwa waya wa OTG, kwa kuwa mshale unabofya herufi ambayo kidole hakiwezi, nikafungua terminali aliyokuwa akiitumia, na kuandika herufi moja moja:

su -c 'wm density reset'

Kioo kikarudi papo hapo. Kama kilichoharibika ni upana na urefu, ni wm size reset. Mabadiliko haya yote mawili yanakaa kwenye jedwali la mipangilio, ndiyo maana kuzima na kuwasha hakusaidii kitu. Kama kompyuta yako imekubaliwa na simu, hata ruti huhitaji.

Usikisie namba. Android hupima kioo kwa kuzidisha upana wa pikseli mara 160, kisha kugawanya kwa msongamano. Kioo cha 1080 chenye msongamano wa 480 kinatoa 360. Ukishusha hadi 288 unapata 600, na hapo programu nyingi zitadhani zimefunguliwa kwenye tableti na kupanga menyu zake kwa namna nyingine kabisa. Wanaolalamika kwamba programu fulani imeharibika muonekano baada ya kubadili msongamano huwa wamevuka hiyo 600 bila kujua. Kwa kioo cha 720, mpaka huo uko kwenye 192. Shuka kidogo kidogo, na ukae juu ya mpaka kama unataka simu ibaki simu.

Wi-Fi haiwaki, au kioo hakisikii kidole, baada ya kusasisha

Simu imewaka vizuri, ruti ipo, lakini swichi ya Wi-Fi inarudi nyuma kila ukiigusa, au sauti hakuna. Umeflashi boot ya toleo moja kwenye mfumo wa toleo jingine. Keneli inategemea moduli zake zilizo kwenye patisheni nyingine, na matoleo yakitofautiana, draiva za Wi-Fi au za kioo hukataa kupakiwa. Tafuta boot ya toleo sahihi, itie ruti upya, iflashi. Hakuna mpangilio wowote ndani ya menyu utakaotibu hili, na kurudisha mipangilio ya mtandao ni kujichosha.

Sasisho lenyewe likikataa kusakinishwa, ni kwa kuwa linakagua patisheni na kukuta zimeguswa. Kwa simu ya sloti mbili, fungua programu ya Magisk, chagua kuondoa na kurudisha faili za asili bila kuwasha upya, sakinisha sasisho lakini usibofye kuwasha upya, rudi Magisk uchague kusakinisha kwenye sloti isiyotumika, ndipo uwashe. Ukifuata mpangilio huo ruti haipotei. Ukibofya kuwasha upya mapema, simu itawaka salama bila ruti, na utaanza upya kwa kutafuta boot mpya.

Benki na pesa za simu zinakataa kufunguka

Kabla ya kulaumu ruti, zima kwanza Chaguo za wasanidi programu na ujaribu tena. Zipo programu za benki zinazokataa kwa sababu ya hiyo peke yake.

Ikiendelea kukataa, basi imegundua ruti au butiloda iliyo wazi. Magisk ina orodha ya kukataza, inayofanya kazi ukiwasha Zygisk, sehemu ya Magisk inayoingia ndani ya programu nyingine: unachagua programu, na Magisk inaondoa alama zake ndani ya programu hiyo. Futa data ya programu baada ya kuiweka kwenye orodha, maana nyingine hukumbuka zilichokiona mwanzo. Badili pia jina la programu ya Magisk yenyewe kupitia mipangilio yake.

Lakini niseme wazi: hili halina ushindi wa kudumu. Huduma ya Google ya Play Integrity, inayokagua kama simu ni ya kuaminika na iliyochukua nafasi ya SafetyNet, ina viwango vitatu, na kile cha juu kinategemea ufunguo uliomo ndani ya chipu, unaojua kama butiloda imefunguliwa. Huwezi kuudanganya kwa mipangilio. Wanaouza funguo zilizovuja wanauza kitu ambacho Google hukifuta kikijulikana, na unawapa watu usiowajua nafasi ya kuweka moduli yenye ruti kwenye simu yenye pesa zako. Simu ya ruti isikae na akaunti yako kuu. Kwa matumizi ya kila siku, huduma ya menyu haijali ruti hata kidogo: *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania, *334# kwa ya Kenya. Laini inafanya kazi kama kawaida.

Na yeyote anayekwambia utatue tatizo lolote kwa setenforce 0, mkatalie. Unazima ulinzi unaotenganisha programu moja na nyingine, na programu kadhaa za benki hulitambua hilo mara moja.

Simu haishiki mtandao, *#06# haionyeshi kitu

Hapa simama. IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na vipimo vya redio vimo kwenye patisheni ndogo ambazo ni za simu yako pekee: kwenye MediaTek ni nvram, nvdata na nvcfg, kwenye Qualcomm ni modemst1 na modemst2, kwenye Samsung ni EFS. Kinachozifuta mara nyingi si ruti bali ni fundi mwenye haraka aliyechagua kufomati kila kitu ndani ya SP Flash Tool, programu ya kuflashi simu za MediaTek, badala ya kupakia tu. Kama ulihifadhi nakala, zirudishe. Kuhifadhi ni kazi ya dakika chache ukiwa na ruti:

su -c 'dd if=/dev/block/by-name/nvram of=/sdcard/nvram.img'

Fanya hivyo kwa kila moja, kisha uhamishie kompyuta. Majina yanatofautiana kati ya simu na simu, kwa hiyo orodhesha kwanza kilichomo kwenye /dev/block/by-name.

Usiweke IMEI ya simu nyingine. Tanzania, kuchezea IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilishazima simu bandia tangu 16 Juni 2016. Kuhakiki namba yako, itume kwa meseji kwenda 15090. Kama huna nakala, peleka simu kwenye kituo cha kampuni ikiwa na boksi lake lenye IMEI.

Programu uliyoiondoa ilikuwa na kazi

Umeondoa programu za kiwandani, sasa kibodi haipo, au ukibonyeza kitufe cha nyumbani unapata kioo cheusi. Kama uliziondoa kwa pm uninstall --user 0, faili bado limo ndani ya system, na linarudi kwa

adb shell cmd package install-existing

ikifuatiwa na jina kamili la kifurushi. Kama ulifuta faili lenyewe kwa moduli, zima moduli. Hii ya kwanza haihitaji ruti kabisa, na ningependa kila mtu aijaribu kabla ya kufikiria kufungua butiloda.

Unapotaka kuirudisha simu ilivyokuwa

Mpangilio ni muhimu kuliko kasi. Hifadhi data, ondoa Magisk kabisa kupitia programu yake, flashi romu kamili ya kiwandani ya toleo lisilo la nyuma kuliko ulilonalo, kwa kuwa simu nyingi zina kizuizi cha kurudi nyuma na zinaweza kufa zikishushwa. Iwashe, uhakikishe inafika mwisho, inashika mtandao na inapokea sasisho. Baada ya hapo tu ndipo ufunge butiloda, ukijua kufunga hufuta data kama kufungua kulivyofuta.

Usifunge butiloda ikiwa bado kuna faili hata moja lililoguswa. Simu itakagua, itakuta kasoro, itakataa kuwaka, na fastboot nayo itakataa kuflashi kwa sababu imefungwa. Kwenye Samsung, fahamu pia kwamba alama ya Knox, mfumo wa ulinzi wa Samsung, ikishageuka kuwa 0x1 hairudi, hata kwa romu mpya kabisa. Folda Salama na huduma nyingine zinazoitegemea hazitafunguka tena kwenye simu hiyo, na anayeinunua kwako anastahili kuambiwa.